Kupunguza dozi ya CT scan bila picha kujaa chenga: mwongozo kamili kwa anayekaa kwenye konsoli

Wenzangu wa mionzi wa Moshi na Arusha huniletea lalamiko lilelile. Mtu ameshusha mA, mkondo wa umeme unaoamua wingi wa mionzi, ili mgonjwa asipate mionzi mingi, daktari wa radiolojia amezirudisha picha kwa sababu zimejaa chenga (vidoti vinavyoficha undani) na hazisomeki, na mgonjwa ameitwa tena kitandani na kupigwa upya kwa mipangilio ya zamani. Dozi ya kwanza imekwenda bure, na ya pili imepandishwa juu yake.

Kinachokosewa hapo ni mpangilio wa kazi. Kwa kuwa mA ndiyo inayoonekana kwanza kwenye skrini, ndiyo inayoguswa kwanza. Katika mwongozo huu itaguswa karibu na mwisho, tena kidogo kidogo. Kabla ya kuifikia kuna dozi nyingi inayoweza kuokolewa bila picha kupungua ubora hata kidogo: awamu zisizohitajika (kupiga eneo lilelile tena na tena), sentimita za ziada, mgonjwa aliyelala nje ya katikati, na mashine iliyopewa maelekezo mabovu ikayatii.

## Andaa haya kwanza

- Nakala ya protokoli zote (mipangilio iliyohifadhiwa kwa kila kipimo) zilizomo kwenye mashine, zimechapishwa au kupigwa picha skrini kwa skrini, na tarehe juu yake. Ukiharibu, hapo ndipo utakaporudi.
- Nywila ya kubadili protokoli, na makubaliano ya nani anaruhusiwa kuitumia. Kama kila aliye zamu anabadilisha, usianze kabisa.
- Ripoti za dozi za wagonjwa wasiopungua 20 kwa kila kipimo unachotaka kukirekebisha. Chagua watu wazima wa kilo 60 hadi 80.
- Fantomu ya maji, yaani chombo cha maji cha kukagulia picha, iliyokuja na mashine. Mara nyingi iko kabatini, imefunikwa vumbi.
- Mizani karibu na mlango wa chumba. Kukadiria uzito kwa macho hakutoshi.
- Excel au daftari la mistari.
- Daktari wa radiolojia mmoja aliye tayari kukaa nawe kutazama picha. Bila huyu, kila utakachofanya ni kubahatisha.

Kama hospitali yenu ina mwanafizikia tiba, mshirikishe tangu mwanzo. Kama haina, kumbuka kwamba Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ambayo ndiyo inayosimamia leseni na ukaguzi wa mashine za mionzi chini ya Sheria Na. 7 ya 2003, ina ofisi na maabara Njiro, Arusha. Kutoka Moshi ni safari ya asubuhi na kurudi. Wengi wetu tunawakumbuka siku ya ukaguzi tu, wakati wanaweza kuulizwa maswali siku nyingine pia.

## Namba mbili za kusoma kabla ya yote

Kila kipimo kikiisha, mashine hutoa ukurasa wa ripoti ya dozi. Humo kuna CTDIvol, inayopimwa kwa miligrei, na DLP, inayopimwa kwa miligrei-sentimita. CTDIvol inakuambia mashine ilitoa mionzi kwa ukali gani. DLP ni CTDIvol ukizidisha kwa urefu uliopigwa.

Tuseme CT ya tumbo na nyonga ina CTDIvol ya 12 na urefu wa sentimita 45. DLP ni 540. Kwa mtu mzima, zidisha DLP ya tumbo kwa 0.015 upate makadirio ya milisivati, kipimo cha uzito wa mionzi kwa mwili: 8.1. Kwa kifua zidisha kwa 0.014, kwa kichwa 0.0021. Ili uone uzito wa namba hiyo, mionzi ya asili ambayo binadamu hupata kwa mwaka mzima, wastani wa dunia, ni milisivati 2.4.

Tahadhari moja hapa, hasa kwa watoto. CTDIvol hupimwa kwa fantomu ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 16 au 32, na ripoti huandika ni ipi. Kwa mipangilio ileile, namba ya fantomu ya 16 huwa takriban mara mbili ya ile ya 32. Ukilinganisha mashine mbili bila kutazama hilo, utamlaumu mwenzako bure au utajisifu bure.

## Hatua ya 1: Ijue hali ya mashine yako ilivyo leo

Andika CTDIvol na DLP za wale wagonjwa 20 wa kila kipimo, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati. Usichukue wastani, kwa sababu mgonjwa mmoja mnene anatosha kuuvuruga.

Kisha linganisha na viwango rejea. Chuo cha radiolojia cha Marekani, ACR, kimekuwa kikitumia CTDIvol ya 75 kwa kichwa cha mtu mzima na 25 kwa tumbo. Hivyo si shabaha ya kuilenga. Ukivuka viwango hivyo, kuna kitu cha kutafuta. Ukiwa chini yake, bado unaweza kuwa unatoa zaidi ya inavyohitajika.

Tazama pia mtawanyiko. Kama wagonjwa wawili wa uzito mmoja, kipimo kimoja, wamepata dozi zinazopishana mara mbili au tatu, tatizo halimo kwenye protokoli. Limo kwenye namna watu wanavyofanya kazi, na hatua ya 2 hadi ya 5 ndizo zitakazolitibu.

Utajua umefaulu ukiweza kumjibu daktari bila kufungua kompyuta: “Tumbo letu liko kwenye CTDIvol ya 14.” Ukiona unasema “inategemea”, rudia.

## Hatua ya 2: Shughulika na karatasi ya maombi

“CT abdomen” peke yake si ombi. Mpigie simu daktari aliyeandika, muulize anatafuta nini. Jibu lake ndilo linaloamua idadi ya awamu, na kila awamu ni dozi kamili nyingine. Lile tumbo la milisivati 8.1 likipigwa bila kontrasti (dawa ya iodini ya kung’arisha mishipa), kisha awamu ya ateri, kisha ya vena, linafika milisivati 24.

Anayetafuta saratani ya ini iliyoanzia kwenye ini lenyewe anahitaji awamu kadhaa, huyo mpe. Anayetafuta jipu, uvimbe wa kawaida wa tumbo au chanzo cha homa, awamu ya vena mara nyingi inamtosha. Anayetafuta jiwe la figo hahitaji kontrasti kabisa. Na kifua “bila na kwa kontrasti” ni tabia iliyorithiwa tu. Ni mara chache sana zote mbili zinahitajika.

Kwa ajali za bodaboda, ambazo hapa kwetu ndizo zinazojaza foleni ya CT ya kichwa, madaktari wana kanuni za kuamua nani apigwe na nani aangaliwe tu wodini: Canadian CT Head Rule kwa watu wazima, PECARN kwa watoto. Zibandike kwenye chumba cha dharura, kule maombi yanakoandikiwa. Ukizibandika kwako zimechelewa.

Uliza pia picha za zamani. Mgonjwa anapewa rufaa kutoka Arusha kuja Moshi na bahasha ya filamu, CD imebaki nyumbani au haifunguki, halafu anapigwa upya siku hiyohiyo. Mpigie simu aliyempiga mwanzo, aitume upya. Hakuna protokoli itakayowahi kukuokolea dozi kama kipimo ambacho hakikurudiwa.

## Hatua ya 3: Mwandae mgonjwa

Toa chuma. Pini za nywele, hereni, cheni, vifungo vya sidiria, zipu, sarafu zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Mzee wa Kimaasai akija na shuka, kisu hutakisahau, lakini shanga zilizotungwa kwenye waya na bangili za mkononi utazisahau. Chuma huleta michirizi kwenye picha, na mfumo wa kujirekebisha mA ukikiona unaweza kupandisha mionzi mahali pasipohitajika. Mwezi Julai, baridi ikiwa kali, watu hulala kitandani na sweta mbili. Waombe wavue, uwape shuka nyepesi.

Kwa kifua na tumbo, mikono ipande juu ya kichwa. Mikono ikibaki ubavuni, mionzi inapaswa kupenya mifupa yake pia, mashine inaongeza mA, na michirizi inakatiza ini. Mwenye bega bovu mwekee mto, apandishe hata mkono mmoja.

Pumzi ndiyo inayorudisha wagonjwa wengi kitandani. Ile sauti iliyokuja na mashine inazungumza Kiingereza chenye lafudhi ya mbali. Mashine nyingi zinakuruhusu kurekodi yako: “Vuta pumzi… ishikilie, usipumue… haya, pumua.” Rekodi kwa sauti tulivu, na acha sekunde za kutosha kati ya “ishikilie” na mionzi kuanza. Halafu fanyeni zoezi kabla. “Shikamoo bibi. Mashine itakwambia ubane pumzi kidogo tu. Hebu tujaribu sasa hivi mimi na wewe.” Kama bibi haelewi Kiswahili vizuri, aliyemleta amweleze kwa lugha yao kabla hajatoka chumbani.

Usisahau kumuuliza kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kama anaweza kuwa mjamzito. Muulize akiwa peke yake. Mbele ya mama mkwe hatakujibu kweli.

## Hatua ya 4: Mlaze katikati hasa

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayowaangusha wengi wanaodhani tatizo lao ni mA.

Mbele ya mirija ya CT, ile inayotoa mionzi, kuna kichujio chenye umbo la tai ya shingoni: chembamba katikati, kinene pembeni. Kimetengenezwa kwa dhana kwamba sehemu nene ya mwili iko katikati ya gantri, ile pete ya mashine. Mgonjwa akilala chini mno, sehemu nene ya mwili inapata mionzi iliyochujwa sana, picha inapata chenga, na ngozi ya upande mwingine inapata mionzi isiyo na kazi. Utaongeza mA na chenga zitabaki.

Kuna balaa la pili. Mashine inapima unene wa mgonjwa kwenye picha ya skauti, ile ya awali ya kupangia kipimo. Weka kiganja chako karibu na kibatari, kivuli ukutani kinakuwa kikubwa. Kisogeze mbali, kivuli kinapungua, ingawa kiganja ni kilekile. Ndivyo skauti inavyofanya. Kama mirija iko juu wakati wa skauti na umempandisha mgonjwa mno, mashine inamwona mnene na kumpa mA nyingi. Ukimshusha mno, inamwona mwembamba, inampa mA kidogo, na picha inakuja na chenga. Mirija ikiwa chini, mambo yanageuka.

Kwa hiyo:

1. Washa taa za leza, mwambie afumbe macho.
2. Kwa kifua na tumbo, mstari wa ubavuni upite nusu ya unene wa mwili. Usitumie urefu uleule wa meza kwa kila mtu. Mwanamume mwenye kitambi na binti mwembamba hawalali kimo kimoja.
3. Kwa kichwa, tumia kishikizo cha kichwa. Ukikilaza kichwa moja kwa moja juu ya godoro kitakuwa chini ya katikati hata upandishe meza vipi.
4. Rudi nyuma hatua mbili, mtazame kutokea miguuni. Kama amelala upande, utaona.
5. Ukibadilisha kimo cha meza baada ya skauti, piga skauti upya. Dozi ya skauti ni ndogo sana ukilinganisha na kipimo chenyewe, na mashine inaamua mA kwa kutumia skauti hiyo.

Makosa hapa mara nyingi ni ya sentimita 2 hadi 4, na mgonjwa karibu kila mara huwa chini. Sababu ni ya kibinadamu: tunaharakisha, na kupandisha meza kunachukua sekunde chache zaidi.

Umefaulu kama kwenye picha ya slaisi (kipande kimoja cha mwili) ya katikati ya tumbo, nafasi ya hewa juu ya mgonjwa na chini ya mgongo inakaribiana, ukifungua duara lote la picha. Fanya ukaguzi huo kwa wagonjwa kumi wa wiki iliyopita kabla hujagusa kitu kingine. Najua vituo ambavyo kazi ingeweza kuishia hapa.

## Hatua ya 5: Skauti na urefu wa kipimo

Piga skauti mirija ikiwa chini ya meza, kama mashine inaruhusu. Matiti, tezi ya shingo na macho yako mbele, kwa hiyo yanapata kidogo.

Skauti ifunike eneo lote utakalopiga. Ikiishia kwenye kitovu halafu kipimo kikaendelea hadi nyonga, mashine inabaki kubahatisha mA ya sehemu iliyobaki.

Sasa kata urefu. Tumbo linaanzia juu kidogo ya kiwambo cha mapafu na kuishia kwenye mfupa wa kinena. Ukiongeza sentimita 6 “kwa usalama” kwenye tumbo lenye CTDIvol ya 12, umeongeza DLP ya 72, yaani takriban milisivati 1.1. X-ray moja ya kifua ni karibu milisivati 0.02. Piga hesabu mwenyewe ni X-ray ngapi za kifua umempa mtu kwa ajili ya kuona mapaja yake.

Kichwani, kinga macho kwa namna ya kulaza. Mkunje kidevu kidogo kuelekea kifuani, au pindisha gantri kama yako inapinda, ili mpigo upite juu ya mboni. Mafuniko ya bismathi, metali nzito ya kuzuia mionzi, yanayowekwa juu ya macho au matiti siyapendekezi: yanaleta michirizi, na yakiwekwa kabla ya skauti mashine inaongeza mA ili kuyapenya. Aproni ya risasi ndani ya eneo la kipimo ina ubaya huohuo. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia tiba cha Marekani, AAPM, kilishauri kuacha kabisa desturi ya kufunika sehemu za uzazi na mimba kwa risasi.

## Hatua ya 6: Ielekeze mashine vizuri kabla ya kuiamini

AEC, ule mfumo wa mashine kujipangia mA, uwe umewashwa kwa kifua, tumbo na nyonga. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba mfumo huu hauna nia ya kupunguza dozi. Kazi yake ni kuleta kiwango cha chenga ulichoagiza. Ukiagiza picha safi kupita kiasi, utaletewa, na mgonjwa atalipa.

Kila kampuni ina lugha yake. Kwenye GE unaagiza Noise Index: namba ikipanda, dozi inashuka. Kwenye Siemens unaagiza Quality Reference mAs (mAs ni mA ukizidisha kwa sekunde): namba ikipanda, dozi inapanda. Aliyehama kutoka chumba chenye mashine moja kwenda chumba chenye nyingine anaweza kugeuza usukani upande usio wake kwa nia njema kabisa.

Mtego mkubwa wa GE ni huu. Noise Index inahesabiwa kwa unene wa slaisi ya uundaji wa kwanza, yaani seti ya kwanza ya picha ambayo kompyuta inaitengeneza kutoka data. Tuseme protokoli ina Noise Index 12 kwa slaisi ya milimita 5. Daktari anaomba slaisi nyembamba, na mtu anabadilisha uundaji wa kwanza kuwa milimita 1.25, Noise Index anaiacha palepale. Slaisi nyembamba ina chenga mara mbili, kwa hiyo mashine, ili itimize agizo, inapandisha mA hadi mara nne, au mpaka igonge kikomo chake. Hakuna kengele inayolia. Picha zinapendeza na kila mtu anashangilia mashine.

Dawa yake: uundaji wa kwanza ubaki milimita 5, na slaisi nyembamba uziweke kama uundaji wa pili kutoka data ileile. Mgonjwa haongezewi hata chembe.

Angalia pia kikomo cha chini na cha juu cha mA. Kikomo cha chini kikiwa kikubwa, mgonjwa mwembamba au mtoto hawezi kushuka hata mfumo ukitaka. Kikomo cha juu kikiwa kidogo sana, mgonjwa mnene atapata chenga nawe utadhani protokoli ni mbaya.

Kuhusu pichi, yaani mwendo wa meza kwa kila mzunguko wa mirija ukilinganisha na upana wa mpigo: kwa mA isiyobadilika, pichi ikipanda dozi inashuka. Lakini mashine nyingi za sasa zinafidia kwa kupandisha mA zenyewe. Usijisifu kwa kubadilisha pichi kabla ya kutazama kama CTDIvol kwenye skrini imesogea kweli.

Umefaulu kama ukipanga wagonjwa wako kwa uzito, CTDIvol inapanda taratibu pamoja na uzito. Ikiwa mstari umelala tambarare, AEC imezimwa au imegonga kikomo.

## Hatua ya 7: kV, hasa penye kontrasti

kV ni volteji ya mirija, inayoamua nguvu ya mionzi. Kutoka kV 120 hadi 100, kwa mAs ileile, dozi inashuka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Chenga zinaongezeka, lakini iodini inang’aa zaidi kwa karibu robo, kwa sababu nguvu ya mionzi inasogelea 33 keV, mahali ambapo iodini inafyonza sana. Kwa mishipa ya damu, mapafu yanayotafutwa donge la damu, na tumbo la kontrasti kwa mgonjwa wa chini ya kilo 80 hivi, 100 ni chaguo jema.

Iache 120 kwa mgonjwa mnene na kwa kichwa cha mtu mzima. Mifupa ya chini ya fuvu ikikutana na kV ndogo inaleta michirizi juu ya ubongo wa nyuma, na hapo ndipo kiharusi hujificha.

Ukishusha kV na kuacha agizo la chenga lilelile, AEC itapandisha mA kurudisha kile ulichopunguza. Kubali chenga ziongezeke kidogo; mng’ao wa iodini unazilipia.

## Hatua ya 8: Jinsi picha inavyoundwa na kutazamwa

Kabla ya kulaumu dozi, angalia kinachotazamwa. Mara kadhaa picha “zenye chenga” ni slaisi za milimita 1, za keneli ya mfupa (kichujio cha kompyuta kinachokaza kingo za picha), zilizofunguliwa kwa dirisha la tumbo (mpangilio wa mwanga wa kutazamia tumbo). Za kusomea ini ziwe milimita 3 hadi 5, keneli laini. Keneli ya mfupa ibaki kwa mfupa na mapafu.

Kama mashine yako ina uundaji wa marudio, ambapo kompyuta inarudia hesabu ya picha ili kupunguza chenga, yaani ASIR, SAFIRE, iDose au AIDR 3D kutegemea kampuni, itumie kwa kiwango cha kati. Ukiikaza mno, ini linafanana na plastiki na madoa madogo yanafutika. Tena, kuwasha uundaji huu hakupunguzi dozi peke yake kwenye mashine nyingi. Unapunguza chenga, kupunguza mA ni kazi yako, hatua inayofuata.

Kila asubuhi, na kila umeme ukikatika na kurudi, pasha mirija moto na fanya kalibresheni ya hewa, yaani mashine ijisawazishe ikiwa tupu. Piga fantomu ya maji: maji yasome 0, tofauti isizidi 5 juu au chini, na uandike kiwango cha chenga chake. Mashine isiyokalibiwa inaleta miduara kwenye picha, na hakuna mA itakayoiondoa.

## Hatua ya 9: Sasa shusha mA

Chenga haziendi sambamba na dozi. Ukikata dozi nusu, chenga zinaongezeka kwa asilimia 41 tu. Ukikata asilimia 20, zinaongezeka 12. Ndiyo maana kushuka kidogo hakuonekani, na kushuka ghafla ndiko kunakoleta ugomvi.

Shusha asilimia 10 hadi 15 kwa mara moja. Kwenye GE, kutoka Noise Index 12 hadi 13 ni pungufu ya asilimia 15. Piga wagonjwa kadhaa, kisha changanya picha zao na za zamani, ficha tarehe, na mpe daktari wa radiolojia azipe alama. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize kama anaona mishipa ya ini, ukingo wa kongosho, mpaka wa ubongo wa kijivu na mweupe. Akishindwa kuzitofautisha na za zamani, shuka tena. Akisita, rudi hatua moja, funga hapo.

Anzia pale penye utofauti mkubwa wa asili: mapafu, sainasi, mawe ya figo. Hizo zinavumilia chenga nyingi na zinaweza kushuka hadi nusu au chini ya hapo. Ini na ubongo viwe vya mwisho.

## Watoto wana protokoli zao

Usimpige mtoto kwa protokoli ya mtu mzima iliyopunguzwa kwa jicho. Tengeneza za kichwa kwa umri, na za kifua na tumbo kwa uzito au upana wa mwili. kV 80 au 100 inatosha kwa miili mingi midogo. Awamu iwe moja, isipokuwa daktari ameandika sababu.

Mtoto anaharibu kipimo kwa kujitikisa, kwa hiyo mzunguko wa mirija uwe mfupi na pichi iwe kubwa. Wa miezi michache anyonyeshwe, afungwe kwa kanga ya mama yake, asubiriwe asinzie. Nusu saa ya kusubiri inaepusha usingizi wa dawa. Mama akibaki chumbani avae aproni, baada ya kuulizwa kuhusu ujauzito. Na kama swali ni la tumbo, kwanza uliza kama ultrasaundi imefanyika.

## Hatua ya 10: Linda ulichopata

Weka kikomo cha tahadhari kwenye konsoli. AAPM inapendekeza mashine ionye CTDIvol ikifika 80 kwa kichwa cha mtu mzima na 50 kwa kiwiliwili. Onyo likitokea, anayepiga asimame asome, asibonyeze tu kuendelea. Mwaka 2009 iligundulika kwamba hospitali moja ya Los Angeles, Marekani, iliwapa wagonjwa zaidi ya 200 wa CT ya mtiririko wa damu ya ubongo takriban mara nane ya dozi iliyokusudiwa. Protokoli ilikuwa imebadilishwa, na hali hiyo ikaendelea kwa miezi 18. Namba ilikuwa kwenye skrini muda wote.

Hifadhi ukurasa wa dozi pamoja na picha za kila mgonjwa. Rudia zoezi la wagonjwa 20 kila mwaka, na kila mirija ikibadilishwa.

Kisha fundi wa kampuni akija kuweka programu mpya, mwombe akae wakati unafungua protokoli moja moja na kulinganisha na zile nakala ulizochapisha mwanzo. Masasisho yana tabia ya kurudisha mipangilio ya kiwandani kimyakimya. Kagua kV, Noise Index au Quality Reference mAs, vikomo vya mA, unene wa uundaji wa kwanza, na kiwango cha uundaji wa marudio. Piga fantomu ya maji akiwa bado yupo. Namba zikipishana na za daftari lako, usimsainie karatasi ya kazi mpaka zirudi.